Shahidi na Picha Yake: Juu ya Kuandika Maisha ya Aliyeuawa

Wasifu wa mtu aliyeuawa mbele ya watu una ila ambayo haimo katika wasifu wa namna nyingine: huandikwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mwandishi huanza na maiti, kisha hurudi nyuma kutafuta katika utoto, shule na kazi ya marehemu dalili zilizoibashiri siku ile. Kila alichotenda hugeuzwa kuwa maandalizi. Kama alikuwa mpole, upole wake husemwa kuwa ulikuwa wa kondoo aendaye machinjoni. Kama alikuwa mkali, ukali wake husemwa kuwa ulikuwa wa mtu aliyejua kuwa siku zake ni chache. Mtu aliyeishi miaka ishirini au arobaini huonekana kana kwamba hakuishi ila dakika moja, nayo ni ile aliyokufa.

Ila hii haitoki kwa adui wa marehemu. Adui aghalabu hanyoshi kalamu kabisa, au akiandika huandika mistari miwili na kufunga jalada. Hutoka kwa waombolezaji wenyewe, watu wenye nia safi na machozi ya kweli, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuikemea. Lakini uhakiki ambao huogopa matanga hauna kazi ya kufanya. Shaaban Robert alipochapisha Wasifu wa Siti Binti Saad mwaka 1958, miaka minane baada ya mwimbaji huyo kufariki, alikuwa na mauti mbele yake kama mwandishi mwingine yeyote wa wasifu. Hata hivyo alianza Fumba, kwenye udongo na vyungu, na kwa msichana atembezaye vyungu vya mama yake akiita wanunuzi kwa sauti ambayo haijajua bado kuwa ni sauti ya mwimbaji. Kifo cha Siti katika kitabu kile kinakuja mahali pake, mwishoni, na kinapokuja msomaji anajua ni nini kilichopotea. Siti, kwa hakika, alifia kitandani, na mwandishi wake hakuwa na mlipuko wa kumkimbiza. Jambo la kuuliza ni kama utaratibu ule unaweza kusimama pale ambapo mlipuko upo.

Nyanda za Juu za Kusini zina kisa cha kulijaribia swali hilo. Siku ya Jumapili, tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwandishi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari ya Mkoa wa Iringa, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Wilaya ya Mufindi. Alikuwa amekwenda kazini. Chama cha upinzani, CHADEMA, kilikuwa kikifungua tawi lake kijijini hapo. Polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko ya kisiasa kwa hoja kwamba Sensa ya Watu na Makazi ilikuwa haijakwisha. (Siku zilezile serikali ilipokuwa ikihesabu watu wake, ndipo ilipopungukiwa na mmoja kwa mkono wa askari wake, jambo hili halikuhitaji mshairi ili liwe na uchungu.) Askari walimzunguka, na bomu la machozi lilifyatuliwa kutoka karibu sana likampasua tumbo. Afisa mmoja wa polisi aliyejaribu kumkinga alijeruhiwa naye. Mwangosi alizikwa kwao Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Katika Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Hayo yamo katika kumbukumbu za umma, nayo yanajulikana. Lakini watu wengi wanaolijua jina la Mwangosi hawakulijua kwa maneno. Walilijua kwa picha. Joseph Senga wa gazeti la Tanzania Daima alipiga picha za dakika zile, na moja yake ilizunguka nchi nzima: kundi la askari wenye kofia ngumu na ngao, na katikati yao mtu mmoja aliyezidiwa, na mtutu ulioelekezwa kwake. Kwa upande wa haki, picha hiyo ilifanya kazi ambayo wasifu wowote usingeliweza. Maelezo ya kwanza yaliyotoka upande wa polisi yalielekea kukiweka chanzo cha kifo mikononi mwa wafuasi wa chama. Picha ilipotokea, maelezo hayo hayakuweza kusimama tena kwa miguu yake. Anayeidharau picha hiyo kwa jina la fasihi anadharau chombo kilichowazuia watu kudanganywa.

Walakini kazi ya ushahidi ina mwisho wake, na mwisho huo ni hukumu. Baada ya hukumu picha haina tena wa kumshawishi. Kinachobaki ni kumbukumbu, na hapo ndipo inapoanza kudhuru. Katika picha ile Mwangosi hana uso ulio wazi wala kamera mkononi. Hana swali analouliza. Askari ndio watendaji, yeye ni mtendwa. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutazama na kusimulia anakumbukwa kwa dakika moja aliyotazamwa na kusimuliwa. Muungano wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania ulianzisha tuzo yenye jina lake, nalo ni jambo jema. Hata hivyo katika hotuba nyingi za namna hiyo, kila anapotajwa, husimuliwa Nyololo, na ni mara chache kusimuliwa habari moja aliyoitangaza, mtu mmoja wa Iringa aliyempa kipaza sauti, au namna alivyokuwa akisimama mbele ya kamera. Anayetaka kujua alivyokufa atapata kurasa. Anayetaka kujua alivyofanya kazi atapata sentensi, na sentensi hiyo itakuwa imejaa sifa ambazo angepewa marehemu yeyote: mchapakazi, mpenda watu, asiyeogopa.

Iringa, ya miji yote ya Tanzania, ingalipaswa kuujua mtego huu, maana iliingia humo zamani. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Tangu hapo simulizi la Mkwawa likawa simulizi la fuvu. Fuvu liliingia katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246. Likatafutwa na Gavana Edward Twining katika makumbusho ya Bremen. Likaletwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na kukabidhiwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Na hadi leo limewekwa katika makumbusho ya Kalenga. Mwanafunzi wa shule anaweza kuitaja safari ya mfupa huo kituo kwa kituo. Mwulize mwanafunzi huyohuyo Mkwawa alitawalaje, alipata wapi fikra ya kuizungushia Kalenga ukuta wa mawe, aliwalisha vipi watu wake katika miaka kati ya ushindi wa Lugalo mwezi Agosti 1891 na kuanguka kwa ngome mwezi Oktoba 1894: majibu yatakuwa haba. Fuvu ni ushahidi wa dhuluma iliyofanywa na wengine juu yake. Haliwezi kusema alichofikiri lilipokuwa kichwa.

Kati ya fuvu na picha hakuna umbali mkubwa. Vyote viwili ni mabaki ya tendo la muuaji. Wasifu unaovitegemea huwa, bila ya kutaka, unamwachia muuaji kuchagua ni sehemu gani ya maisha ya aliyeuawa itakayokumbukwa.

Nje ya nchi kuna mfano ambao umeandikwa sana, na kwa kuwa umeandikwa sana makosa yake yanaonekana vizuri zaidi. Tarehe 30 Aprili 1970 Rais Richard Nixon wa Marekani alitangaza kuwa majeshi yake yameingia Kambodia, vita vya Vietnam vikapanuka ilhali watu walikuwa wameahidiwa kuwa vinapunguzwa. Vyuo vikapinga. Katika Chuo Kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio, jengo la mafunzo ya kijeshi ya wanafunzi lilichomwa moto tarehe 2 Mei, Askari wa Ulinzi wa Taifa wakaletwa, na saa sita za mchana tarehe 4 Mei baadhi yao waligeuka juu ya kilima wakafyatua risasi zipatazo 67 katika muda wa sekunde 13. Wanafunzi wanne walikufa, tisa walijeruhiwa. Waliokufa ni Allison Krause, Jeffrey Miller, Sandra Scheuer na William Schroeder. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 20.

Hapa pia picha ilitangulia. John Filo, mwanafunzi wa chuo hichohicho, alimpiga picha Jeffrey Miller amelala kifudifudi juu ya lami, na msichana amepiga goti karibu naye, mikono imetandazwa, kinywa wazi kwa kilio. Mwaka 1971 picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer. Msichana yule, Mary Ann Vecchio, alikuwa na umri wa miaka 14 wala hakuwa mwanafunzi wa chuo. Uso uliobaki katika kumbukumbu ya dunia juu ya Kent State ni wake. Uso wa aliyeuawa umegeukia chini. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya nakala zilizochapwa baadaye nguzo ya ua iliyokuwa nyuma ya kichwa cha msichana ilifutwa kwa brashi, ili picha ipendeze. Jambo hilo ni dogo, lakini linatoboa siri kubwa: mara kifo kinapokuwa alama, watu huanza kukirekebisha kama wanavyorekebisha mapambo.

Wimbo ukafuata baada ya picha. Neil Young alitunga wimbo ulioitwa Ohio, ukatoka mwezi Juni 1970, na kwa vijana wengi huo ndio uliokuwa gazeti. Wimbo unamtaja rais kwa jina. Unataja jimbo, unataja idadi ya waliokufa. Hautaji jina la hata mmoja wao. Mshairi wa Kirusi Yevgeny Yevtushenko alifanya vingine: mwaka huohuo alimwandikia shairi Allison Krause peke yake, akilijenga juu ya maneno ambayo husemwa kuwa msichana huyo aliyatamka siku moja kabla ya kufa, alipoliona ua katika mtutu wa bunduki ya askari, ya kwamba maua ni bora kuliko risasi. Maneno hayo yamechongwa katika kaburi lake. Ni maneno mazuri. Na kwa sababu ni mazuri yamemfanyia Krause kile ambacho fuvu lilimfanyia Mkwawa. Alikuwa na umri wa miaka 19 na siku chache. Kijana wa umri huo husema mamia ya maneno kwa siku, mengi yakiwa ya upuuzi, ya utani, ya kulalamikia chakula na mitihani. Na katika yote hayo limechaguliwa lile moja linalokwenda vizuri na risasi iliyomwua. Baba yake, Arthur Krause, aliyedai haki mahakamani kwa miaka, alimdai binti yake. Dunia ilikwisha kupokea ua.

Mtihani mkubwa wa wasifu wa namna hii si Krause. Ni William Schroeder. Kijana huyu hakuwa katika maandamano. Yeye na Sandra Scheuer walikuwa wakipita kati ya kipindi na kipindi, naye alianguka umbali wa zaidi ya mita 100 kutoka kwa waliopiga. Zaidi ya hayo alikuwa mwanafunzi wa mafunzo ya uafisa wa jeshi, yaani wa idara ileile ambayo jengo lake lilikuwa limechomwa siku mbili kabla. Mwandishi wa masimulizi ya mashujaa wa kupinga vita atamweka wapi? Akimweka pamoja na Krause na Miller kama mtu wa safu moja, amemsingizia. Akimwacha, amemwua mara ya pili. Waandishi wengi wamechagua njia ya tatu iliyo rahisi kuliko zote: humtaja jina katika orodha ya wanne, wakapita haraka. Hapo ndipo ubovu wa kuandika kutoka mwisho kwenda mwanzo unapojidhihirisha, kwa kuwa mwisho wa wote wanne ulikuwa mmoja, na mwanzo wao haukuwa mmoja hata kidogo. Scheuer alikuwa akisomea kuwasaidia watu wenye matatizo ya kusema. Miller alikuwa amehamia chuoni hapo mwezi Januari wa mwaka uleule. Vitu hivi havina uhusiano wowote na Kambodia, na ndiyo sababu vina thamani: ni vyao wenyewe.

Kuna pia wale ambao hata orodha haikuwapata. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1970, siku 11 baada ya Kent, polisi walifyatua risasi katika chuo cha Jackson State, jimbo la Mississippi, chuo cha Wamarekani weusi. Phillip Gibbs, mwanafunzi wa chuo, na James Earl Green, mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 17 aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka kazini, waliuawa. Hapakuwa na picha ya msichana aliyepiga goti. Wimbo wa Ohio haukuwafikia. Majina yao yanajulikana kwa wale wanaoyatafuta, na wanaoyatafuta si wengi. Na mtu anayedhani kuwa rangi ya waliokufa haikuwa na neno katika tofauti hii, na aifafanue kwa njia nyingine kama anaweza.

Kwa upande wa haki, Kent inaonyesha jambo ambalo Nyololo haikulionyesha: picha inaweza kujulikana na dunia nzima isimtie yeyote hatiani. Askari wanane walishitakiwa mwaka 1974, na jaji akaifuta kesi kabla haijafika mbali. Mwezi Januari 1979 madai ya familia yalimalizwa kwa malipo na tamko la kujuta. Picha ya Filo haiwaonyeshi waliopiga. Inaonyesha kilio tu, na kilio hakina mshitakiwa.

Sasa ni haki kurudi kwenye lugha, kwa maana nusu ya kosa hili hufanywa na waandishi na nusu hufanywa na sarufi inayowasaidia. Kiswahili kina adabu kubwa kwa wafu. Mtu hasemwi kuwa amekufa. Amefariki, ametutoka, mauti yamemfika, amekwenda mbele ya haki. Adabu hii ni tunu kwa mzee aliyefia kitandani akizungukwa na wajukuu. Inapohamishwa kwa mtu aliyepasuliwa kwa bomu, haimheshimu tena aliyekufa bali inamsitiri aliyeua. Mauti yalimfika Nyololo: katika sentensi hiyo mauti ni msafiri aliyetembea kwa miguu yake mwenyewe, akapanda basi la Makambako, akashuka kijijini. Hakuna askari humo wala amri. Mbaya kuliko hilo ni msemo uliozagaa katika magazeti na redio, kwamba mtu fulani amepoteza maisha, kana kwamba aliyadondosha njiani kama mtu adondoshavyo ufunguo, na kwa uangalifu kidogo angalikuwa nayo. Kitenzi kuua kipo, na kauli yake ya kutendwa ipo. Kuuawa ni neno zima, linatamkika, na linaacha nafasi ya kutaja ni nani. Mwandishi anayelikwepa awe na sababu, na huzuni si sababu.

Mahali pengine lugha imekuwa na ujasiri kuliko waandishi wake. Kile chombo kinachotoa moshi wa kuwasha macho, ambacho wenye kukitengeneza hupenda kukiita kwa majina ya upole, Waswahili walikiita bomu la machozi tangu mwanzo. Waliona kuwa ni bomu. Kesi ya Iringa haikuwafundisha neno jipya.

Lakini neno lililo na uzito zaidi ya yote katika mjadala huu ni shahidi. Kiswahili kinalitumia kwa watu wawili: kwa yule asimamaye kizimbani kusema alichokiona, na kwa yule auawaye kwa ajili ya anachokishika, kama tunavyosikia katika kutajwa kwa Mashahidi wa Uganda. Kamusi huweka maana hizi mbili pamoja, na wasomaji wengi hupita bila kushtuka. Daudi Mwangosi alikuwa shahidi kwa maana ya kwanza kila siku ya kazi yake, na kwa maana ya pili siku moja. Waombolezaji wake wameishika ya pili wakaiachia ya kwanza. Hilo ni kinyume cha mantiki ya neno lenyewe, kwa kuwa aliuawa alipokuwa akishuhudia. Ukiondoa alichokwenda kukiona, kifo chake hakina tena maana ya ushahidi, kinabaki kuwa ajali ya barabarani iliyotokea kando ya barabara. Kumwita shahidi kwa haki kunamlazimu mwandishi kusema alishuhudia nini: mikutano ya namna gani, vijiji vipi, katika mkoa ambao wakati ule ulikuwa ukibishaniwa na vyama. Kazi hiyo ni ngumu kuliko maombolezo. Inahitaji kukaa na watu waliofanya kazi naye, kutazama kanda, kusikiliza sauti yake alipokuwa akiuliza maswali yasiyo na ushujaa wowote juu ya bei ya mbolea au ubovu wa daraja.

Ebrahim Hussein alilifahamu jambo hili alipoandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapwa mwaka 1969. Alikuwa na shujaa ambaye taifa lilikwisha mfanya sanamu, na angeliweza kumwacha asimame juu ya kiti chake. Badala yake alimpa wasiwasi: mtu anayeliona neno lake limekua kuliko yeye, na linatembea bila ruhusa yake kwenda vitani. Hadhira inamtazama akiwa bado anaamua. Katika tamthilia nyingi za mashujaa zilizofuata, mhusika ameshaamua kabla pazia halijafunguliwa, na ndiyo maana hazikumbukwi.

Kuna watakaojibu kwamba aliyeuawa na dola ni mali ya umma, na umma unahitaji alama. Kwamba chakula alichokipenda na maswali juu ya daraja ni mambo ya jamaa zake. Na kwamba kumshusha marehemu kutoka kwenye bendera ni kuwapa nafuu waliomwua. Hoja hii ina nguvu, na katika wiki za kwanza ni ya kweli kabisa. Waandishi wa habari walioandamana Dar es Salaam mwezi huohuo wa Septemba 2012 walihitaji jina na picha. Lakini alama ina udhaifu ambao mtu hana: inaweza kujibiwa kwa alama nyingine. Upande mmoja utasema shujaa, upande wa pili utasema mchochezi, na maneno haya mawili yana uzito sawa kwa kuwa yote hayana kitu ndani. Mtu aliyeandikwa vizuri ni vigumu kumjibu. Hakuna awezaye kumwita mchochezi kijana wa mafunzo ya jeshi aliyekuwa akienda darasani. Ni Schroeder, yule asiyefaa bendera, aliye shitaka zito zaidi dhidi ya waliopiga.

Mfano wa karibu zaidi wa Schroeder ulitokea Dar es Salaam siku ya Ijumaa, tarehe 16 Februari 2018. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala maeneo ya Mkwajuni, Kinondoni, wakati polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA siku moja kabla ya uchaguzi mdogo. Hakuwa mwandamanaji. Hakuna aliyeshitakiwa kwa kuifyatua risasi ile. Alizikwa Rombo, Kilimanjaro. Katika siku zilizofuata alifanywa alama na kila upande kwa namna yake, na maneno mengi yalisemwa juu ya damu, taifa na amani, ambayo yangeweza kusemwa juu ya mtu mwingine yeyote bila kubadili silabi. Sentensi moja tu katika zote zilizosemwa haikuweza kuwa ya mtu mwingine, nayo ilitoka kwa jamaa zake: ya kwamba alikuwa njiani kwenda Bagamoyo kupeleka barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo.

Wasifu wake, atakapopata mwandishi, una mwanzo mzuri katika barua hiyo: ilivyoandikwa, nauli ya kwenda Bagamoyo ilivyopatikana, na sababu ya kuichagua Bagamoyo.